JARIDA LA WATENGENEZAJI PROGRAMU LIPANGWE KWA MADA ZA KAZI ZA WANANCHI

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakazi wa visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria




Mazungumzo haya yanahusu pendekezo moja: kwamba pawepo jarida la kitaaluma la Kiswahili kwa ajili ya watengenezaji wa programu za kompyuta, na kwamba kila toleo lake lijengwe juu ya mada moja inayotokana na kazi halisi za wananchi. Mifano imechukuliwa Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na visiwa vinavyopakana nazo ziwani. Imechaguliwa hivyo kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu wanaifahamu bila kuelezwa.

1. Kwa nini jambo hili linawahusu wasio wataalamu

Mvuvi wa Musoma anayelipia leseni, mkulima wa Bunda anayesubiri fedha za pamba, na mzazi wa Butiama anayemfikisha mtoto hospitalini, wote siku hizi hupita mbele ya kompyuta. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakipitia mfumo wa pamoja, ambapo mlipaji hupewa kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha hulipa kwa benki au kwa simu. Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya mwaka 2019, iliweka Mamlaka ya kusimamia mifumo ya namna hiyo katika taasisi za umma. Mifumo hiyo imeondoa foleni nyingi na imeziba mianya ya upotevu wa mapato. Hata hivyo, programu inapokosewa, anayeadhibiwa kwanza ni mwananchi aliyesimama dirishani, na wa pili ni karani asiyekuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba mtandao unasumbua.

Watengenezaji wa mifumo hiyo ni vijana wa nchi hii, na wengi wao ni hodari. Lakini mmoja wao anapogundua sababu ya hitilafu fulani, maarifa hayo hubaki kichwani mwake au katika ofisi yake. Mwenzake wa wilaya nyingine huja kukosea vilevile mwaka unaofuata. Daktari anayo majarida ya kumwonya. Mwanasheria anazo taarifa za kesi zilizoamuliwa. Mtengenezaji programu wa Tanzania husoma majarida yaliyoandikwa ng'ambo juu ya matatizo ya ng'ambo.

Hasara ya kutoandika mafunzo si jambo geni nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa katika mfumo wa hesabu wa Hazina, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kizazi kizima cha wataalamu kilicheleweshwa. Mafunzo ya tukio hilo yangalipaswa kuandikwa mapema katika lugha ambayo kila mhasibu na kila karani angaliielewa.

2. Toleo la mada moja hufanya kazi gani

Majarida ya fani hii yana desturi ya siku nyingi ya kutenga toleo kwa ajili ya mada moja. Jarida la Byte la Marekani, lililoanza mwaka 1975, lilitenga toleo lake la Agosti 1981 kwa lugha ya programu iitwayo Smalltalk, iliyokuwa imebuniwa katika maabara ya kampuni ya Xerox. Kabla ya toleo hilo lugha hiyo ilijulikana na wachache. Baada yake ilijadiliwa duniani kote. Jarida la IEEE Software, lililoanzishwa mwaka 1984, lina utaratibu wa kuwapa wahariri waalikwa mada wanayoifahamu. Wahariri hao huomba makala, huzipitisha kwa wakaguzi, kisha huzitanguliza kwa maelezo yanayoonyesha mahali ambapo waandishi wanakubaliana na mahali wanapotofautiana.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba watu 5 au 6 hulitazama tatizo moja kwa wakati mmoja kutoka pande mbalimbali. Makala moja ikisimama peke yake husomwa na kusahauliwa. Makala 6 juu ya jambo moja huwa kitabu kidogo cha kuwekwa mezani na kurejewa.

3. Ziwa hili limewahi kufanya hivyo

Wapo watakaosema kwamba mpango huo ni wa kigeni. Wazee wa kanda hii wanajua sivyo. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 uliendeshwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, na ukaigusa mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Waandalizi wa mradi hawakutunga kitabu kimoja cha kusomea kwa watu wote. Walitunga vitabu kulingana na kazi: cha wakulima wa pamba, cha wakulima wa ndizi, cha wavuvi, cha wafugaji, cha maarifa ya nyumbani. Mtu mzima alijifunza herufi kupitia maneno ya kazi aliyoiamkia asubuhi. Aliposoma neno, alikijua tayari kitu chenyewe. Kilichobaki kuwa kigeni ni maandishi tu.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya 6 zilipewa jukumu la kutangulia katika kufuta ujinga wa kutokujua kusoma na kuandika. Miongoni mwake zilikuwamo Ukerewe na Mafia, zote mbili visiwa. Baadaye zikafuata kampeni za redio na vikundi vya kusikiliza, kila moja ikiwa na mada yake: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975. Taifa zima liliinamia jambo moja kwa msimu mmoja, kisha likahamia jingine.

Hilo ndilo wazo linalopendekezwa hapa. Jarida lisipange matoleo yake kwa majina ya zana za kompyuta, ambazo hubadilika kila baada ya miaka michache. Lipange kwa kazi. Kazi ya kumhesabu abiria, kumpimia mkulima na kumwandikisha mgonjwa haitapitwa na wakati.

4. Matoleo yanayopendekezwa

(a) Kumbukumbu inayobaki nchi kavu

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Watu zaidi ya 220 walifariki. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Siku zile za msiba ilielezwa kwamba haikuwa rahisi kujua idadi kamili ya waliokuwamo, kwa kuwa mkatishaji tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki na mashine yake ya tiketi ilikuwa haijapatikana. Familia zilisubiri ufukweni bila orodha.

Haidaiwi hapa kwamba programu ingalizuia kivuko kupinduka. Linalodaiwa ni dogo, lakini si haba: hesabu ya abiria haipasi kuwa ndani ya chombo kilekile kinachohatarishwa. Mtengenezaji programu ana maswali ya kujibu. Je, kila tiketi inayokatwa inatuma nakala gatini kabla chombo hakijang'oa nanga? Mtandao wa simu usiposhika, mashine inahifadhi nini, na inatuma lini? Mashine ikifikia idadi inayoruhusiwa, inakataa kukata tiketi au inaonya tu? Na ikikataa, nani ana mamlaka ya kuilazimisha, na jina lake linaandikwa wapi?

Maswali hayo ni ya Mwigobero mjini Musoma, ambako kivuko huvuka kwenda Kinesi, na ni ya Kisorya wilayani Bunda, ambako abiria huvuka kwenda Rugezi, Ukerewe. Toleo hili liwe la kwanza. Waandishi wake wawe watengenezaji programu, lakini pia nahodha, mkatishaji tiketi na mkaguzi wa vyombo.

(b) Uzito, bei na malipo

Bunda ni nchi ya pamba. Mkulima hufika kituoni na mzigo, mzigo hupimwa, uzito huzidishwa kwa bei, naye hulipwa. Hesabu hiyo ni ya darasa la 4, lakini ndani ya kompyuta ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni wa kukata desimali. Ichukuliwe kwamba mzani unasoma kilo 47.6, na programu inatunza kilo nzima pekee, ikiandika 47. Mkulima mmoja amepoteza zaidi ya nusu kilo. Wakulima 500 wakipunjwa kiasi hichohicho, zimepotea kilo 300 bila mtu yeyote kuiba. Mtego wa pili umejificha zaidi. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa njia hiyo sehemu kama moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali za kawaida. Programu inayotunza fedha kwa namba za namna hiyo huzaa vijisenti vya ziada au vya pungufu, na hesabu za jioni hukataa kulingana. Dawa yake inajulikana: fedha itunzwe kwa namba kamili za kipimo kidogo kabisa, uzito utunzwe kwa gramu, na kanuni ya kukadiria iandikwe mahali pamoja na itangazwe kwa wakulima. Mtengenezaji mzoefu anaijua dawa hiyo. Kijana aliyemaliza chuo jana huenda haijui, na karani wa chama cha msingi anayeulizwa na mkulima hana mahali pa kuisoma.

(c) Jina la mtu

Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na mkoa mzima wa Mara, ni mahali pa kufaa kuandalia toleo la majina. Katika mkoa huu wamo Wazanaki, Wakurya, Wajita, Wajaluo, Waikizu na wengineo. Majina kama Chacha, Marwa, Mwita na Wambura hubebwa na watu wengi mno. Jina moja huandikwa Bhoke na karani huyu, na Boke na karani yule. Mtu huitwa kwa jina la ubatizo kanisani, kwa jina la ukoo nyumbani, na kwa jina la babu katika cheti cha shule.

Programu iliyotungwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana jina la kwanza na jina la mwisho, na kwamba hayabadiliki, itafanya mojawapo ya makosa mawili. Itawaunganisha watu wawili kuwa mmoja, au itamgawa mtu mmoja kuwa wawili. Katika orodha ya wageni wa sherehe kosa hilo ni la kuchekwa. Katika jalada la hospitali ni dawa ya mgonjwa mmoja kupewa mwingine. Katika orodha ya mafao ni mjane kuambiwa kwamba marehemu mumewe hakuwahi kuajiriwa.

Toleo hili liguse pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Kila sehemu ya fomu inayouliza jambo lisilohitajika ni taarifa ambayo siku moja inaweza kuvuja. Mtengenezaji ajifunze kuuliza machache.

(d) Lugha ya skrini na saa ya Kiswahili

Toleo la nne lihusu Kiswahili chenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kutangaza kwamba kitu kimefutwa, kitu hicho kiwe nini. Kiswahili hakikubali. Jina limefutwa, kitabu kimefutwa, barua imefutwa, mtumiaji amefutwa. Na jina likiwa zaidi ya moja, majina yamefutwa. Programu inayounganisha vipande vya sentensi kwa mashine itamwandikia mwananchi maneno ya kuchekesha, naye ataacha kuiamini. Mtengenezaji afundishwe kuandika sentensi nzima kwa kila tukio.

Suala la saa ni zito zaidi. Saa 2 asubuhi ya Kiswahili ndiyo 08:00 ya mashine. Mgonjwa aliyeagizwa kumeza dawa kila baada ya saa 8, kuanzia saa 12 asubuhi, atameza tena saa 8 mchana na saa 4 usiku. Karatasi iliyochapwa na mashine itamwandikia 06:00, 14:00 na 22:00. Bibi anayesoma 06:00 kuwa saa 6 hakukosea. Anasoma saa ya lugha yake. Aliyekosea ni aliyetengeneza karatasi bila kumfikiria.

Baada ya manne hayo, yapo mengine ya kufuata kwa zamu: kufanya kazi mtandao unapokatika, namna ya kuijaribu programu kabla ya kuikabidhi, na utunzaji wa mfumo baada ya mfadhili kuondoka.

5. Karatasi ya pendekezo

Ili jarida lisigeuke uwanja wa hotuba, kila anayependekeza toleo aandike karatasi isiyozidi kurasa 2 yenye mambo haya:

(i) Kazi ya mwananchi inayohusika, na mahali inapofanyika.
(ii) Swali moja ambalo toleo litalijibu.
(iii) Waandishi watarajiwa, angalau mmoja wao akiwa mtumiaji wa mfumo na si mtengenezaji.
(iv) Hitilafu moja ya kweli itakayochambuliwa kwa faida ya wasomaji, bila kumtaja mtu kwa lengo la kumwaibisha.
(v) Istilahi 20 zitakazofafanuliwa mwishoni mwa toleo.

Sharti la (iv) ndilo gumu na ndilo lenye thamani kuliko yote. Jarida lisilozungumzia makosa litakuwa kipeperushi cha sifa, na wataalamu hawatalinunua.

6. Hoja zinazoweza kutolewa

Itasemwa kwamba watengenezaji programu wote wanajua Kiingereza. Ni kweli kwamba msimbo huandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na hakuna anayependekeza kuubadilisha. Lakini mazungumzo kati ya mtengenezaji na karani, karani na mkulima, nahodha na mkaguzi, hufanyika kwa Kiswahili. Makosa mengi yaliyotajwa hapa hayakuzaliwa ndani ya msimbo. Yalizaliwa pale mtu mmoja alipouliza na mwingine akaelewa vingine.

Itasemwa pia kwamba istilahi hazitoshi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyopanga istilahi kwa fani. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare wakati ambapo wengi walidhani lugha hii haiwezi kuzibeba. Maneno hupatikana yanapohitajiwa. Bado watu wanabishana kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa sababu hakuna jarida linaloyatumia maneno hayo mwezi hadi mwezi mpaka moja lizoeleke.

Hoja ya tatu ina uzito. Mada ikikaza sana, makala nzuri isiyohusika itakosa nafasi. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mada ichukue nusu ya kurasa, na nusu nyingine iachwe wazi kwa makala za kawaida, barua za wasomaji na majibu.

7. Linaloweza kuanza sasa

Ndugu watumishi, ndugu wakazi, jarida linahitaji fedha, wahariri na mchapishaji, na hayo huchukua muda. Maandalizi yake hayahitaji kusubiri.

Kila ofisi yenye kompyuta inaweza kufungua daftari la hitilafu. Tarehe iandikwe, jambo lililotokea, muda wananchi waliosubiri, na namna tatizo lilivyokwisha. Wakuu wa idara wanaombwa wawaruhusu watumishi wao kuandika ukweli katika daftari hilo bila hofu, kwa kuwa mtumishi anayeogopa kuandika hitilafu ndogo ataificha kubwa. Walimu wa vyuo wanaombwa wawape wanafunzi wao madaftari hayo kuwa somo. Wakazi nao wanaombwa wasikubali jibu la kwamba mtandao unasumbua bila kuuliza mara ya pili: umesumbua wapi, na kumbukumbu ya shughuli ya mwananchi imebaki wapi?

Baada ya mwaka mmoja, madaftari ya Musoma, Bunda na Butiama yakiwekwa juu ya meza moja na ya Ukerewe, mada za matoleo hazitahitaji kubuniwa na mtu. Zitakuwa zimekwisha kuandikwa na makarani, wakata tiketi na wauguzi, kila moja ikiwa na tarehe yake.